"De" ya Kichina: kiungo tu, au hugeuza maneno kuwa nomino?

Anayejifunza Kichina hukutana na de (的) mapema sana: wo de shu, "kitabu changu". Huona ameipata a-unganifu yetu, mpaka afike kwenye wo zuotian mai de shu, "kitabu nilichonunua jana". De ni ile ile, ila sasa imebeba kazi ya O-rejeshi. Sisi tumezigawa kazi hizo. Kichina kimezikabidhi kwa silabi moja, na kinachofafanua hutangulia nomino.

Zhu Dexi, mwanaisimu wa China, katika makala yake ya mwaka 1961, alishikilia kwamba de ya namna hii hukifanya kilichotangulia kuwa nomino. Ushahidi wake ni mzito. Hong de hujitegemea: "chekundu". Mai cai, "kuuza mboga" (mai hii ina toni tofauti na ile ya "kununua"), ikiongezewa de inakuwa mai cai de, "muuza mboga". Baada yake hakuna nomino, wala msikilizaji haitafuti.

Wanaopinga husema de ni kiungo tu, na wana mfano mgumu: ta kai che de jishu, "ustadi wake wa kuendesha gari". Ondoa jishu, na ta kai che de haiwezi tena kumaanisha ustadi huo. Kama de ilishaunda nomino, mbona isisimame? Muuza mboga ndiye mtenda aliyekosekana ndani ya kishazi; ustadi si mtenda wala mtendwa. Mwaka 1983 Zhu mwenyewe alitenganisha muundo unaotaja mshiriki wa kitendo na ule unaokitaja kitendo chenyewe. Kwangu mimi, utenganisho huo unawapa nguvu watetezi wa kiungo: nomino inaachwa pale tu inapoweza kutambulika. Tukisema "nipe cha Juma", kiambishi cha ngeli kinatuelekeza. De haina ngeli, kwa hiyo msikilizaji hutegemea kitenzi na muktadha.

Hata hivyo, watetezi hao wana deni. "Mama yangu" ni wo mama, bila de, lakini wo shu kwa "kitabu changu" haikubaliki. Zhu alionyesha pia kuwa gui dongxi, "kitu ghali", inasemeka, ilhali gui shoujuan, "leso ghali", inadai de katikati. Kiungo kisicho na maana yake chenyewe kisingejali kama kinachofuata ni kitu au leso, mama au kitabu.