Debe la Januari

Kila Januari shule zinapofunguliwa, swali lilelile hurudi kwenye vikao vya wazazi vijijini Tabora: nani amlishe mtoto akiwa shuleni? Mwalimu mkuu anasoma azimio la kamati: debe moja la mahindi na kilo tano za maharage kwa kila mwanafunzi, pamoja na hela kidogo ya mpishi na chumvi. Mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna. Mikono inanyooshwa, kikao kinafungwa kwa amani. Ikifika Machi stoo ina robo ya kilichokubaliwa, na lawama zinaanza: wazazi wa huku hawana mwamko.

Neno hilo, mwamko, ndilo lililonisukuma kuandika. Nimekaa kwenye kamati ya shule miaka kadhaa, katika wilaya inayoishi kwa tumbaku, na nimelisikia kuanzia kwa watendaji hadi kwa wazazi wenyewe waliokwisha kulipa. Mwanzoni nililitumia hata mimi.

Msimamo wa serikali unajulikana. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ni bila malipo, lakini chakula cha mtoto wa kutwa hakimo. Hicho ni cha mzazi, kwa hiari yake, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa kudaiwa mchango.

Wanaoutetea utaratibu huu si watu wa roho mbaya, na hoja yao nzito kuliko zote ni hii: mtoto akivuka geti la shule haongezi mdomo. Mzazi anayemlisha Jumamosi anashindwaje kumlisha Jumatatu? Tena, wanasema, tumeshaona miradi ya wafadhili ikija na magunia na mafuta ya kula, mahudhurio yakapanda, kisha mradi ukafungwa na jiko likageuka banda la mbuzi. Jamii iliyozoea kupewa haikuwa tayari kubeba. Na kuna walimu, ambao hoja yao huwa haisikilizwi ipasavyo: mwalimu wa darasa la watoto tisini anageuzwa mtunza stoo, mpima mahindi na msimamizi wa kuni, na siku gunia likipungua ni yeye anayeitwa mwizi. Ukiongeza wingi wa watoto wa shule za msingi nchi nzima, unaelewa kwa nini hakuna waziri anayetamka neno "bure" mbele ya neno "chakula".

Yote hayo nayakubali kwa kiasi chake. Ila hoja ya mdomo usioongezeka, pamoja na utamu wake, inakosea mahali pamoja, nami nitakaa hapo.

Nyumbani, njaa hugawanywa. Mwezi wa kwanza kaya nyingi za huku hula mlo mmoja wa kueleweka, jioni. Mchana kunapita maembe, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyobaki tangu kiangazi, viazi, mlenda na kiporo cha jana. Mama anapunguza hapa, anaongeza pale, na siku ikiwa mbaya anasema yeye ameshiba. Shule haipokei maembe wala michembe. Inataka nafaka ya aina moja, kwa kipimo kimoja, kwa mkupuo.

Tufanye hesabu. Tuseme mtoto apate gramu 120 za mahindi na 30 za maharage kwa siku, sahani ya makande isiyo na makuu. Mwaka wa masomo una siku 194. Hizo ni kilo 23 na ushee za mahindi kwa mtoto mmoja, na karibu kilo 6 za maharage. Yaani debe moja na kidogo. Kamati haikukosea sana. Gunia la kilo 100 linalisha watoto wanne mwaka mzima. Ukiisoma hivyo ukiwa ofisini, unashangaa kinachowashinda wazazi ni nini.

Sasa isome ukiwa na watoto watano shule ya msingi, jambo la kawaida kabisa mkoa huu. Kilo 116 za mahindi. Kilo 29 za maharage. Jirani yako mwenye duka na mtoto mmoja analeta debe lake kwenye pikipiki, anapigiwa makofi. Wewe unatakiwa ulete zaidi ya gunia zima, na wote wawili mmeandikwa kwenye daftari moja kwamba mchango ni "debe moja tu". Ni kodi ya kichwa, kama ile waliyotozwa babu zetu: haimuulizi mtu ana nini, inahesabu vichwa.

Halafu angalia mwezi wenyewe. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Januari mahindi yako shambani, yanafika magotini. Yaliyovunwa mwaka jana aliyeuza aliyauza Juni na Julai, maroli yalipokuja na bei yao, na sasa mzazi huyohuyo ananunua dukani kwa kilo, kwa bei isiyofanana hata kidogo na ile aliyouzia. Tumbaku nayo bado iko kwenye matuta. Mabani ya kuikaushia hayajawashwa, na hela ya chama cha msingi cha wakulima itaonekana baada ya masoko kufunguliwa. Mzee mmoja mwenye wajukuu wanne shuleni alikuja kwenye kamati Februari moja, akasalimia "mwangaluka" kwa utaratibu, akaketi, akasema, "Mwalimu, mahindi ninayo. Ila bado ni mabichi." Watu walicheka. Hakuwa anatania.

Jina lake liliwekwa kwenye orodha ya wasiolipa.

Orodha hiyo ina kazi yake saa saba mchana. Waraka wa serikali umekataza mtoto kurudishwa nyumbani, na kweli harudishwi. Anabaki chini ya mwembe. Wenzake wanapanga foleni na vikombe vya plastiki, mwalimu wa zamu anatazama karatasi, makande yanagawiwa. Wale wa mwembe wanajifanya wana mchezo wao. Foleni ikiisha, mpishi anaishusha sufuria kubwa, anaiweka pembeni ya jiko na kuondoka bila kuimwagia maji. Kawaida sufuria iliyopikiwa makande ukichelewa kuimwagia maji unaikoma kuiosha. Nilimuuliza mama yule kwa nini anajitesa. Akanitazama kama mtu asiye na akili. Dakika tano baadaye watoto sita walikuwa wameiinamia sufuria, wanakwangua ukoko kwa vipande vya vibuyu.

Kuna wanaosema dawa ni kuwapa chakula bure maskini peke yao, kwani TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, ina orodha ya kaya maskini na hakuna haja ya kumlisha mtoto wa mwenye duka. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini orodha ya TASAF ni ya kaya fukara kuliko wote, na mzee wa mahindi mabichi hamo. Ana ng'ombe wawili na ekari za tumbaku. Ni tajiri Julai na fukara Januari. Halafu utakuwa umebadilisha tu karatasi mkononi mwa mwalimu wa zamu: jana iliwasema wasiolipa, leo inawasema maskini. Nairobi walilikwepa hilo kwa namna ninayoipenda. Mpango wao wa chakula cha shule, Dishi na County, ulioanza 2023 unamtoza mtoto shilingi 5 ya Kenya, na mtoto anagusisha kifaa alichovaa mkononi kama saa anapochukua sahani. Anayetazama foleni hajui nani kalipiwa na nani. Sisi hatuna haja ya vifaa hivyo kijijini. Kinachohitajika ni karatasi ile iondoke.

Hela itoke wapi? Hapa ndipo watetezi wa michango hudhani wamemaliza mjadala. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni sheria. Hutakiwa pia kutenga shilingi 1,000 ya lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mtoto huyo akitimiza mitano na kuanza shule, shilingi ile haimfuati, kana kwamba tumbo lake limehitimu. Na halmashauri za Urambo, Kaliua na Sikonge hupokea ushuru wa asilimia 3 kwenye tumbaku, zao ambalo mikono ya watoto hawahawa huonekana mabanini wakati wa kukausha. Sidai ushuru huo utatosha kulisha shule zote mwaka mzima. Nadai unaweza kubeba Januari hadi Aprili, miezi ambayo mzazi hana kitu, kisha mzazi abebe Julai hadi Novemba, akiwa nacho. Huyo mzazi wa Julai ana mwamko wa kutosha. Nimemwona akichangia harusi.

Ila sitaki nionekane nimepata jibu rahisi, maana kamati yetu ilikwisha kujaribu nusu ya jambo hili. Mwaka mmoja tuliamua mchango ukusanywe Julai, wa mwaka mzima unaofuata. Wazazi waliitika kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Stoo ilijaa hadi mlangoni. Januari tulipofungua magunia ya nyuma, ukizamisha mkono ulitoka mweupe kama wa msaga unga. Dumuzi. Mdudu ambaye Afrika nzima aliripotiwa kwanza mkoa huu wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata sisi tukamsahau tulipopanga.

Shule ya watoto 400 inahitaji magunia 93 kwa mwaka kwa kipimo nilichotaja. Ili yavuke hadi Januari yanataka mifuko isiyopitisha hewa, na stoo yenye sakafu ya saruji na bati lisilovuja. Kikao kilichopita nilileta hesabu hiyo mbele ya wazazi na diwani. Mama mmoja wa nyuma akasimama akauliza funguo za stoo zitakaa kwa nani, kwa mwalimu au kwa wazazi, na zikiwa mbili mlango utafunguliwaje mmoja akiwa msibani. Tulibishana hadi magharibi. Diwani aliaga mapema, lakini aliondoka na karatasi ya hesabu.