Kuongezwa Mshahara Ili Ubaki Hakukufungi Kuondoka

Mfanyakazi aliyewasilisha barua ya kuacha kazi, akaitwa ofisini kwa mkurugenzi, akaongezwa mshahara na kukubali kubaki, mara nyingi hujikuta baada ya miezi michache katika hali ambayo ni vigumu kuizungumza na mtu yeyote. Kazi inamchosha kama ilivyomchosha mwanzo, lakini sasa anaona haya kulalamika, kwa kuwa wote wanajua kwamba alilipwa ili atulie. Wengi humwambia kwamba amekwisha kula fedha za watu, hivyo avumilie. Mimi ninaamini kwamba ushauri huo unawaumiza watu waaminifu kuliko wengine wote, kwa sababu ni wao tu wanaousikiliza.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni wa binamu yangu, binti wa shangazi, ambaye ni mhasibu katika kampuni moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Idara yao ilikuwa na wahasibu wawili. Mwenzake alipoondoka, nafasi yake haikujazwa, na kazi zote zikahamia kwenye meza moja. Mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua maana yake: kodi ya PAYE inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi inatakiwa iwe imefika Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kabla ya tarehe 20 kupita, na katikati ya tarehe hizo kuna hesabu za mwezi za kufunga, risiti za mashine za kielektroniki (EFD) za kulinganisha na ankara, na wateja wa kukumbushwa kulipa gharama za kuhifadhi mizigo bandarini ambazo kampuni imekwisha kuwalipia. Alipopata kazi kwingine akaandika barua, na sababu aliyoitaja ilikuwa moja tu, kwamba anafanya kazi ya watu wawili. Uongozi haukubishana naye juu ya sababu hiyo. Ulimwongezea shilingi 400,000 kwa mwezi, akashukuru, akawapigia simu wale waliokuwa wakimsubiri na kuwaomba radhi. Kuhusu mhasibu wa pili hakuna aliyesema neno, na kile kiti kilichobaki wazi leo kimepangwa majalada ya risiti hadi usawa wa meza.

Kabla ya kuingia katika suala la deni na shukrani, inafaa tuitazame nyongeza yenyewe, kwa sababu mtu hutajiwa mshahara ghafi lakini nyumbani anapeleka fedha za mkononi. Mshahara wake unaotozwa kodi ulikuwa umekwisha kuvuka shilingi 1,000,000, kwa hiyo nyongeza yote inaangukia kwenye kiwango cha juu cha kodi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 10, yaani 40,000. Katika 360,000 zinazobaki, kodi ya asilimia 30 ni 108,000. Kwa kuwa bado anarejesha mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, ambayo ni 60,000. Kinachofika mkononi ni shilingi 192,000. Hizo si fedha za kudharau, hasa kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, na michango ya NSSF ni akiba yake mwenyewe. Hata hivyo ni vizuri ajue kwamba kiasi anachokiona kuwa kimemfunga asiondoke ni 192,000, na kwamba akizigawanya kwa Jumamosi anazozitumia ofisini atapata picha tofauti na ile aliyotoka nayo kwa mkurugenzi.

Sikubaliani na wanaosema kwamba kila anayekubali kubakizwa kwa nyongeza amekosea. Kama mtu alitaka kuondoka kwa sababu ya mshahara peke yake, kwa mfano aligundua kwamba mwenzake mwenye cheo kama chake analipwa zaidi, basi nyongeza imetibu ugonjwa wenyewe, naye anaweza kukaa kwa amani. Kuhama nako kuna hatari zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri wake ulinzi ule inaowapa wengine dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kwa hiyo anayehama anaanza upya bila kinga aliyokuwa nayo. Ila palipo na sababu nyingine, iwe wingi wa kazi, msimamizi asiyeheshimu watu au kukosa nafasi ya kupanda cheo, nyongeza huituliza tu kwa muda, na mwenye kuamua anapaswa kurudi kwenye barua yake ya kwanza na kujiuliza kama kile alichokiandika kimebadilika.

Sasa nije kwenye hoja inayowatesa watu zaidi. Kwetu ahadi ni deni, na mtu anayeondoka baada ya kutendewa wema husemwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Ninaiheshimu misemo hiyo, na ndiyo maana ninataka tuulize ni kitu gani hasa kiliahidiwa. Binamu yangu aliahidi kufanya kazi kwa mshahara mpya, na kila mwezi ameifanya na kulipwa, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi pande mbili zimekuwa hazidaiani. Mshahara ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Haujawahi kuwa rehani ya miaka ijayo. Sheria yenyewe inalitazama jambo hili hivyo: kwa anayelipwa kwa mwezi, mkataba wake ukiwa unaweza kusitishwa kwa notisi, muda wa chini ni siku 28, na muda huo unamhusu mwajiri sawasawa na unavyomhusu mfanyakazi. Kampuni iliyomwongezea mtu mshahara mwezi Machi inaweza kupunguza wafanyakazi mwezi Septemba kwa kufuata taratibu, na hakuna atakayeiita punda.

Kuna hali mbili ambazo deni huwa la kweli. Ya kwanza ni pale mtu alipopewa fedha za mkupuo ili abaki, akatia saini kwamba atazirudisha akiondoka kabla ya muda fulani. Ya pili ni mkataba wa muda maalumu, ambao kuuvunja katikati kuna masharti yake. Nyaraka hizo zisomwe mstari kwa mstari kabla ya uamuzi wowote. Zaidi ya hapo tusisahau kwamba hata mwajiri huahidi. Maneno kama "vumilia kidogo, tunatafuta msaidizi" nayo ni ahadi, nayo ni deni, na anayedaiwa si mfanyakazi.

Ushauri ninaompa binamu yangu, na ambao ningempa mtu yeyote aliye katika hali yake, ni kwamba asiondoke kimyakimya akiwa na hasira. Amwendee mkuu wake, aeleze kwa maandishi kwamba sababu aliyoitaja mwanzo bado ipo, na aombe kujua ni lini itashughulikiwa. Masharti ya kazi yanapobadilika, sheria inamtaka mwajiri arekebishe taarifa ya ajira kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi, kwa hiyo kuomba barua si utovu wa adabu. Kisha asubiri bajeti ya mwaka. Mimi naiamini bajeti kuliko maneno ya mtu yeyote, kwa sababu kampuni inayokusudia kuajiri mhasibu wa pili itamtengea mshahara humo, na bajeti ikipitishwa bila fungu hilo, jibu limepatikana bila kugombana na mtu.

Wakati anasubiri, kuna kosa moja linalowaponza wengi katika miji yetu, nalo ni kuikopea nyongeza. Hati ya mshahara ikishaonyesha kiwango kipya, benki huwa tayari kuongeza mkopo, na SACCOS ya kazini, yaani chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, nayo vilevile. Mkopo huo ndio unaomfunga mtu kuliko shukrani yoyote, na wa SACCOS una uzito wa pekee, kwa sababu waliomdhamini ni wenzake wa meza za jirani, ambao akiba zao zitaguswa akishindwa kulipa. Nimewaona watu wazima wakikaa kwenye kazi wanayoichukia kwa sababu ya kiwanja kilichonunuliwa kwa mkopo wa namna hiyo. Asiyejua bado kama atabaki au ataondoka asikope kitu.

Wale waliompa kazi mara ya kwanza na akawakatalia hawajawa maadui. Anaweza kuwarudia, lakini awapigie simu au aende mwenyewe, asiwatumie ujumbe mfupi wa kujieleza, na akubali wakimwambia kwamba nafasi imejazwa. Katika shughuli za forodha watu ni walewale, wanakutana bandarini na kwenye ofisi za TRA kila wiki, na adabu ya mtu hukumbukwa muda mrefu. Popote atakapopata kazi, asiandike barua kabla ya kushika mkataba mpya uliotiwa saini na pande zote mbili, kwa sababu anayeacha kazi kwa hiari hapati kiinua mgongo kile ambacho sheria inampa aliyeachishwa na mwajiri, wala fao la kukosa ajira la NSSF.

Na safari hii, akiitwa tena ofisini na kutajiwa nyongeza nyingine, akatae. Kubaki mara ya pili kwa nyongeza ya pili kutamfanya aonekane mtu anayetumia barua ya kuondoka kama njia ya kudai mshahara, na sifa hiyo haifutiki kirahisi. Barua yenyewe iwe fupi: itaje sababu ileile ya mwanzo, tarehe ya mwisho kwa kuhesabu siku za notisi, na pendekezo la namna ya kukabidhi kazi, ikiwezekana baada ya tarehe 20 ili ritani ya VAT isimwangukie asiyeijua. Aombe pia malipo ya likizo ambayo hajaichukua na cheti cha utumishi, kwa kuwa vyote viwili ni haki yake.