Gome la mti hai kwa usiku mmoja

Wanaofundisha watu kujiokoa porini husifia sana gome la mti kama paa, na kuna ukweli hapo. Ukinyeshewa Januari katika misitu ya miyombo ya Tabora au Katavi, nyasi zisipoezekwa nene zitavuja, ilhali gome moja la urefu wa mtu linateremsha maji yote pembeni. Msimu huo wa mvua huambuka kwa urahisi. Unakata juu na chini, unapasua mstari mmoja wima, unapenyeza kijiti kilichochongwa, na gome linaachia taratibu, bichi na lenye utelezi kwa ndani. Nyuzi zake zinafunga fito. Warina asali wa huko wanaujua ufundi huu tangu zamani, kwani mizinga yao ya asili ni magome yaliyoviringwa.

Tatizo ni kwamba tabaka la ndani la gome ndilo linaloshusha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Ukiliondoa kuzunguka shina zima, mizizi inakaa na njaa na mti unakufa ukiwa umesimama. Wapo wanaojibu kuwa mutuba wa Uganda huambuliwa kwa ajili ya kitambaa, shina likafungwa majani ya mgomba, na gome likaota tena. Ni kweli, lakini mutuba ni jamii ya mkuyu. Myombo hauponi hivyo. Myombo huchipua kutoka kisikini, nalo hilo ni jambo kubwa, ila chipukizi lina miaka mingi ya kukwepa moto wa kiangazi kabla halijawa shina la kutoa paa.

Mrina asali namwelewa: mzinga wake unatumika misimu kadhaa, na maua ya miti hiyohiyo ndiyo chakula cha nyuki wake. Anayejifunza tu, atakayelala usiku mmoja na kuondoka, sioni kinachomruhusu. Atafute mti ulioanguka. Gome lake litatoka vipandevipande, kwa hiyo aezeke kuanzia chini kwenda juu, kila kipande kikilalia cha chini yake, baada ya kukung'uta nge. Paa litavuja kidogo, avumilie.

Aliyepotea kweli, amelowa na ana mtoto anayetetemeka, achukue gome bila kusita. Akiweza, achukue upande mmoja tu wa shina, ule mwingine aubakize mzima kutoka mizizini hadi matawini.