Tifoidi ya karatasi: kipimo cha Widal tukitupe au tujifunze kukisoma?

Jirani yangu wa Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, ana karatasi tatu alizozikunja vizuri ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto wake wa mwisho. Zote zimetoka kwenye labo za kartie yetu, ndani ya miezi 13, na zote zinasema jambo moja: TO 1/160, TH 1/320. Yaani tifoidi. Mara ya tatu alipoketi mbele ya muganga hakungoja hata kusomewa.

"Docta, tifoidi yangu imeamka tena?"

"Imeamka, mama."

Akaandikiwa antibiotiki, siprofloksasini (sipro) ya siku 10, pamoja na sindano. Akalipa. Akapanda mlima kurudi nyumbani na homa yake ileile.

Hapa Bukavu, kuanzia Panzi hadi Bagira, sijakutana na mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa walau mara moja kwamba ana tifoidi. Wengine wanaizungumzia kama mtu anavyozungumzia kisukari, ugonjwa wa kuishi nao. Nyuma ya maneno hayo kuna kipimo kimoja cha bei nafuu, Widal, na kuna ubishi mkubwa juu yake. Madaktari kadhaa niliozungumza nao wanataka kiondolewe kabisa kwenye vituo vya afya. Wauguzi wengi wanaokitumia kila siku hawataki kusikia habari hiyo. Nimewasikiliza wote, nikasoma tafiti wanazozitegemea, na naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Kipimo hiki kinasema mengi zaidi kinapokataa kuliko kinapokubali, na sisi tumezoea kukitumia kinyume.

Mwaka 1896, mjini Paris, daktari Fernand Widal alionyesha kwamba maji ya damu ya mgonjwa wa tifoidi, yakichanganywa na vijidudu vya ugonjwa huo, huvifanya vishikamane mabonge mabonge. Ndicho kinachofanyika mpaka leo. Ile 1/160 maana yake maji ya damu yamepunguzwa makali mara 160 na bado mabonge yakaonekana. Lakini kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili ulizitengeneza siku moja dhidi yake; TO na TH za kwenye karatasi ni aina zake mbili. Ni kama kuingia nyumba ya mtu, ukakuta panga limetundikwa ukutani, kisha ukatangaza kwamba mwizi yumo sebuleni. Panga linaweza kuwa la mwaka jana. Linaweza kuwa lilinunuliwa kwa ajili ya mwizi mwingine kabisa.

Na wezi wengine tunao wengi. Bakteria wa tifoidi, Salmonella Typhi, ana ndugu zake, Enteritidis na Typhimurium, wanaofanana naye kwa sehemu ya ngozi ya nje. Hapa Kongo ndugu hao huingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria au utapiamlo, na kingamwili zao zinaweza kuifanya karatasi iandike tifoidi. Malaria yenyewe inaweza kulivuruga jibu. Mtu aliyewahi kuugua tifoidi ya kweli hubaki na kingamwili hizo muda mrefu baada ya kupona. Ndiyo maana vitabu vinataka kipimo kifanyike mara mbili, kwa siku 7 hadi 14 kati ya kimoja na kingine, ili ionekane kama kiwango kimepanda mara nne. Katika kartie yetu sijaona mgonjwa hata mmoja aliyeambiwa arudi kwa damu ya pili.

Kuna pia mambo ya mkono na jicho. Dawa za kupimia zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, kila mtu anajua unavyokatika. Tone la maji ya damu linachanganywa na dawa hizo juu ya kioo na kusomwa baada ya dakika moja hivi. Likiachwa likaanza kukauka, hata pasipo na kitu huonekana mabonge. Fundi wa labo mwenye wagonjwa 30 kwenye benchi, peke yake, hawezi kusimama juu ya kila kioo na saa mkononi.

Wanaotaka Widal iondoke wana hoja nyingine nzito zaidi: homa zetu nyingi si tifoidi. Ushahidi mzuri ulitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watafiti walichunguza kwa makini watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikuwa asilimia 10.5, tifoidi asilimia 3.7. Bukavu si Dar es Salaam, iko juu milimani na maji yake ni mengine, kwa hiyo sihamishi tarakimu hizo kuzileta hapa kama zilivyo. Ila zinatosha kututia shaka tunapoona kituo ambacho nusu ya daftari lake ni tifoidi.

Sasa njoo Muheza, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Huko, mwaka 2010, ilichapishwa tafiti ninayoiona kuwa ufunguo wa ubishi huu wote. Watoto waliolazwa na homa walipimwa Widal ya kwenye vichupa, ile inayofanywa kwa uangalifu kuliko ya kioo, na majibu yakalinganishwa na damu iliyooteshwa ili kumwona bakteria mwenyewe. Kipimo kiliwanasa asilimia 75 ya wenye tifoidi ya kweli. Wasio nayo kiliwaachilia kwa usahihi wa asilimia 98. Mtu akisikia hivyo atasema ni kipimo kizuri. Lakini katika watoto ambao Widal ilisema "ndiyo", ni asilimia 26 tu waliokuwa na tifoidi. Na iliposema "hapana", ilikuwa sahihi kwa asilimia 99.8.

Inawezekanaje? Chukua watu 1,000 wenye homa, tuseme 10 kati yao wana tifoidi. Kipimo kitawakamata 7 au 8. Waliobaki ni 990, na kwa kuwa kinakosea kwa asilimia 2 tu, kitawasingizia watu kama 20. Mbele ya muganga sasa kuna karatasi 27 au 28 zenye jibu la "ndiyo", na 20 ni za uongo. Kosa dogo kabisa, likigawiwa umati wa watu wasio na ugonjwa, linawazidi wagonjwa wenyewe.

Geuza hali. Maji yamechafuka, mlipuko umeingia mjini, na kati ya watu 1,000 wenye homa 300 wana tifoidi. Kipimo kilekile, fundi yuleyule: kitawakamata 225 na kuwasingizia 14. Hapo karatasi inayosema "ndiyo" ni ya kuaminika sana. Ila "hapana" imeharibika, maana wagonjwa 75 wa kweli wamerudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kitu. Kwa hiyo swali la kama Widal ni nzuri au mbaya halina jibu mpaka ujue homa za mji zinatoka wapi mwezi huo. Na hapo ndipo tulipo gizani, kwa sababu namba za tifoidi zinazopanda ngazi za wizara zinachanganya karatasi za namna hii na tifoidi ya kweli.

Upande wa wauguzi sitaupuuza, kwa sababu tifoidi ya kweli inaua, na inaua hapa kwetu. Kati ya mwishoni mwa Septemba 2004 na katikati ya Januari 2005, Kinshasa ilihesabu wagonjwa zaidi ya 42,000 na vifo 214. Watu 696 walipata maambukizi ya tumbo la ndani, wengine utumbo ukiwa umetoboka. Kutoboka huko huja kwa kawaida wiki ya tatu, baada ya homa iliyobembelezwa nyumbani kwa parasetamoli. Wasiotibiwa hufa kati ya 10 na 20 kwa kila 100. Wakitibiwa mapema vifo huwa vichache mno. Muuguzi aliyewahi kumpeleka kijana kwa upasuaji akiwa na tumbo gumu kama ubao hatakubali kirahisi kunyang'anywa kipimo pekee alicho nacho.

Maana mbadala uko wapi? Kuotesha damu kunataka mililita 8 hadi 10 kutoka kwa mtu mzima, chupa yenye chakula cha bakteria, joto la kudumu, fundi aliyefunzwa, na siku mbili, tatu au zaidi za kusubiri. Hospitali kubwa zinaweza. Kituo cha afya kilichoko kwenye mteremko hakiwezi. Hata huko kunakowezekana, kuotesha damu kunawapata kama 6 tu kati ya wagonjwa 10, na wachache zaidi ikiwa mgonjwa ameshameza vidonge vya farmasi kabla ya kuja, kama tunavyofanya karibu wote. Vipimo vipya vya haraka vya tifoidi vipo, na mapitio makubwa ya mwaka 2017 yaliona kwamba havijafikia ubora wa kuchukua nafasi ya kuotesha damu. Anayesema "ondoeni Widal" bila kusema kinachoingia mahali pake anamwachia muuguzi macho na mikono mitupu.

Tena kuna funzo la malaria. Tulipoanza kupima malaria kwa kipimo cha haraka badala ya kukisia, wengi tulitarajia dawa zipungue. Za malaria zilipungua. Lakini uchambuzi wa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya laki tano, ulionyesha kwamba waliokutwa bila malaria waliandikiwa antibiotiki kwa asilimia 69, na waliokutwa nayo kwa asilimia 40. Mgonjwa hakubali kutoka mikono mitupu, na muganga naye anaogopa kumwachia. Nina hofu kwamba tukiifuta Widal leo, kesho sipro itaandikwa ileile, ila safari hii bila karatasi.

Hata hivyo gharama ya mazoea haya si ya mfukoni tu. Bakteria wa tifoidi waliokusanywa nchini Kongo kati ya 2007 na 2011 walikuwa tayari wamezizoea dawa: karibu 3 kati ya 10 walistahimili zile dawa za zamani zote kwa pamoja, na kama 15 kati ya 100 walikuwa wameanza kuishinda nguvu siprofloksasini. Kila sipro inayomezwa kwa ajili ya mafua yaliyoitwa tifoidi inawafundisha bakteria wengine waliomo tumboni. Siku ya mlipuko wa kweli tutahitaji dawa ile ifanye kazi.

Mimi ningeiacha Widal ibaki, lakini ningeibadilishia kazi. Isiwe mlango wa kwanza. Mgonjwa mwenye homa ya siku mbili na pua inayochuruzika hana sababu ya kupimwa. Kwanza malaria, kisha mwili mzima uangaliwe, mkojo, masikio, kifua. Apimwe yule ambaye homa yake imekaa siku kadhaa na haina maelezo mengine. Ikisema "hapana" wakati hakuna mlipuko, muganga apate ujasiri wa kuacha kuandika sipro, akijua kwamba wiki ya kwanza kingamwili zinaweza kuwa bado hazijatoka, hivyo amwambie mgonjwa arudi homa ikiendelea. Ikisema "ndiyo", iwe ni sauti moja kati ya nyingi. Na baadhi ya damu hizo zipelekwe kuoteshwa hospitali kubwa, angalau chache kila mwezi kwa kila eneo la afya, ili mji ujue uko kwenye hesabu ya 10 au ya 300.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni pesa. Vituo vyetu vinaishi kwa mgonjwa anayelipa. Kipimo ni mapato, vidonge ni mapato, na muuguzi anaweza kukaa miezi bila mshahara wa serikali. Ukimwambia apime wachache na aandike dawa chache, umemwambia apunguze chakula cha watoto wake. Sijaona pendekezo lolote la kitaalamu linalozungumza na muuguzi huyu kwa haki kama halianzi na mshahara wake.

Chanjo nayo imo kwenye hesabu hii. Chanjo mpya ya tifoidi ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 28,000 Blantyre, Malawi, ikawakinga karibu 8 kati ya 10, na Malawi imeshaanza kuitoa kwa watoto wake. Ili mji uombe chanjo kwa hoja, unahitaji kuonyesha tifoidi iliyothibitishwa. Mrundo wa karatasi za TO na TH haumshawishi anayegawa chanjo chache kwa nchi nyingi. Kwa hiyo kipimo kinachoiona tifoidi kila mahali kinaweza kutuchelewesha kupata kinga dhidi ya ile iliyopo kweli, hasa kwenye avenii ambazo bomba la Regideso, shirika la maji, hutoa upepo na watoto hushuka na bidoni za manjano kutafuta maji popote.

Na jirani yangu. Siku ya tisa ya sipro homa ilikuwa palepale, na maumivu ya mgongo upande mmoja yakamfanya ashindwe kuinama kufua. Dada yake alimpeleka kwingine, akaulizwa kwa mara ya kwanza kama anapokojoa anasikia kuungua. Alikuwa akisikia tangu mwanzo. Mkojo ulipimwa, maambukizi yakaonekana kwenye figo, na kwa kuwa bakteria wake walikuwa wameshaizoea sipro, akabadilishiwa dawa. Alipona ndani ya wiki moja. Zile karatasi tatu bado anazo. Juzi aliniomba nimwonyeshe ni ipi ilikuwa ya kweli, na sikuweza.