Picha za Ubongo wa Wagonjwa Wetu Zihifadhiwe

Sisi tuliosomea radiolojia Dar es Salaam na sasa tunafanya kazi Uingereza huulizwa sana na ndugu zetu kama mashine za huku zinazishinda za nyumbani. Zinazishinda, lakini kwa mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo pengo linaloniumiza ni jingine. Muhimbili kuna MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, na kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, na katika taasisi ya saratani ya Ocean Road kuna tiba ya mionzi. Kinachokosekana katika hospitali zetu nyingi ni utaratibu wa kuitunza picha baada ya kupigwa, na bila picha zilizotunzwa hakuna ufuatiliaji wa mgonjwa wala utafiti.

Naishi Nottingham, mji ambao chuo kikuu chake ndicho alichofanyia kazi Peter Mansfield, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 pamoja na Paul Lauterbur kwa uvumbuzi wa MRI. Kabla yao, tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipigwa CT scan, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta kuonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, jijini London, naye alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo. Godfrey Hounsfield, aliyeitengeneza mashine hiyo, aligawana Nobel ya 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hoja ya hesabu za kipimo hicho ilimjia alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Nayataja haya kwa sababu wapo nyumbani wanaoamini kwamba utafiti wa namna hii hauna asili yoyote Afrika.

Chukua mfano wa glioblastoma, saratani kali kuliko nyingi za ubongo. Mgonjwa hufanyiwa upasuaji, kisha hupewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi. Katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya mionzi, MRI inaweza kuonyesha sehemu inayong'aa imekua, ukadhani uvimbe umerudi, kumbe ni tishu zilizochokozwa na tiba yenyewe, ambazo zitatulia bila kubadilisha dawa. Picha moja pekee haitoshi kuyatofautisha mambo hayo mawili. Huku, katika kikao cha kila wiki, daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa radiolojia na wa patholojia, anayechunguza tishu za uvimbe, huketi pamoja, na picha ya leo huwekwa kwenye skrini kando ya ile ya kabla ya upasuaji na ile ya baada ya mionzi, zikapimwa kwa milimita.

Nyumbani, katika hospitali moja ya rufaa nilikowahi kufanya kazi, mgonjwa ndiye aliyekuwa ghala la picha zake. Alikuja na bahasha ya kaki yenye filamu zilizogandana kwa unyevu, tarehe ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito pembeni, na filamu ya mwanzo ameiacha kwa mjomba wake Songea. Daktari aliinua ile iliyopo kwenye mwanga wa dirisha. Picha za vipande vya ubongo zilizochapwa ndogo hivyo huwezi kuzipima sawasawa wala kubadilisha mwangaza wake.

Hasara hiyo haiishii kwa mgonjwa mmoja. Tangu mwaka 2012 watafiti wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakishindanisha programu za akili mnemba zinazochora mipaka ya uvimbe kwenye MRI, katika shindano liitwalo BraTS. Mwaka 2021 programu hizo zilifundishwa kwa picha za wagonjwa zaidi ya 1,200, wengi wao wa Marekani na Ulaya. Afrika ilipata sehemu yake mwaka 2023, kwa picha za kufundishia za wagonjwa 60, zilizotokana na juhudi za wataalamu wa Nigeria ambao kwa kweli wanastahili heshima kubwa. Picha za kwetu mara nyingi hupigwa kwa sumaku yenye nguvu ndogo na kwa vipande vinene, na wagonjwa hufika uvimbe ukiwa umeshakua sana, kwa hiyo programu iliyozoea picha safi za Ulaya hukosea inapoletewa hizi.

Sisemi kwamba huku watu wanapona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ambao bado ndio msingi wa tiba ya glioblastoma, ulisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6 tu. Kwa ugonjwa mgumu hivi, kila picha inayopotea ni ushahidi uliopotea.

Ndiyo maana naona kwamba hospitali inaponunua MRI, seva ya kuhifadhia picha na mtu wa kuisimamia viwe ndani ya bajeti hiyo hiyo. Mgonjwa aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa kabla picha zake hazijaingia kwenye utafiti, na kabla hazijatoka hospitalini lifutwe jina pamoja na sehemu ya uso, kwa kuwa sura ya mtu inaweza kuundwa upya kutokana na MRI ya kichwa chake.