Potasiamu ya seli sio ile ya dafu

Hili neno la "dafu linashusha uvimbe manake lina potasiamu" ukikaa barazani hapa Mombasa halikosi kusemwa, na mimi naona tuliongee vizuri, manake ndani yake kuna kipande cha ukweli kimechanganywa na jambo la hatari.

Seli zetu zimejaa potasiamu, kama milimoli 140 kwa lita, na kwenye damu nje ni 4 au 5 hivi tu. Sodiamu ni kinyume chake. Kuna pampu kwenye utando wa seli haipumziki, inatoa sodiamu 3 inaingiza potasiamu 2, na Jens Skou wa Denmark alieigundua 1957 akapewa Nobel 1997. Sasa seli za kinga tunayozaliwa nayo, wale askari wa mwanzo wasiongoja kufundishwa adui ni nani, potasiamu ikianza kuvuja kwao ni dalili kuna kitu kimeharibika, protini inaitwa NLRP3 inajikusanya na wenzake inakuwa mtambo, inflamasomu, na mtambo ukiwaka inatolewa IL-1 beta, protini ya kupiga mbiu ya hatari mwilini, hiyo ndio inaleta homa, wekundu, maumivu na kuvimba. Maabara wakijaza potasiamu nje ya seli ili ya ndani isitoke, mtambo hauwaki. Hapo ndipo watu wanaporukia dafu!

Ami yangu ana gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba ghafla. Ikimshika usiku kidole gumba cha mguu kinaiva chekundu, ngozi imevutika inang'aa, hata shuka likimgusa analia. Hakuna kijidudu hapo, ni fuwele za yuriki, taka ya mwili ambayo figo hutoa, ikizidi inaganda kwenye kiungo, na 2006 timu ya Jürg Tschopp kule Uswisi ikaonyesha fuwele hizo ndizo zinazowasha NLRP3. Halafu mtu anamwambia umejitakia kwa mishkaki yako, manake nyama inazidisha yuriki. Wallahi inaniuma, manake wengine figo zao zinabania yuriki kwa kurithi tu.

Na potasiamu ya kunywa figo inaitoa. Kile kiwango cha maabara ni mara kadhaa ya kile damu inaweza kubeba, ikipita 6 tu moyo waweza kuanza kwenda mrama. Wenye gauti wengi wana presha na figo zimechoka, kwa hivyo ami nimemwambia asijizoeshe dafu kila siku mpaka apimwe figo na potasiamu, na dawa yake ya presha amtajie daktari, manake zile kina enalaprili zinazuia potasiamu isitoke.