Kiatu Kilichobaki Nyuma

Nilipokuwa nasoma Kraków, kule Poland, mwezi ulikuwa haufiki katikati mfuko umeshakauka. Nikapata kibarua cha kugawa vipeperushi vya mkahawa mmoja kwenye uwanja mkuu wa mji wa kale. Vazi la kazi lilikuwa la enzi za kati: suruali inayobana hadi unaogopa kupiga chafya, na viatu vyenye ncha ndefu kama mdomo wa korongo. Ngazi nilizipanda ubavuubavu, kama kaa wa kwetu Tanga.

Siku hiyo mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe wakaniuliza viatu gani hivi. Weee! Mwenzenu nikageuka profesa. Nikasimama kando ya magari ya farasi ya watalii, mguu wa kulia nimeutupa pembeni kwa pozi, nikaanza:

"Viatu hivi nyinyi wenyewe mliviita crakow, jina la mji huu huu! Wafaransa wakaviita poulaine, yaani vya Kipoland. Wote waliamini fasheni imetoka huku. Ncha zilishindiliwa kuvumwani, vile vijimea laini vya kwenye mawe mabichi, zisilale." (Za kwangu bosi alishindilia magazeti.) "Zikarefuka mno, mpaka mwaka 1463, enzi za mfalme Edward IV, Uingereza ikatunga sheria: asiye bwana mkubwa, ncha isizidi inchi 2."

Mama wa watu akaguna kwa heshima. Mimi kichwa kikazidi kuvimba.

Saa ikagonga. Juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria likaanza tarumbeta, lile linalopigwa kila saa na kukatika ghafla katikati ya wimbo. Husimuliwa kwamba mpigaji wa zamani alichomwa mshale na wavamizi Watatari. Nikageuka kwa madaha niwaonyeshe.

Mwili ukageuka. Mguu wa kulia ukabaki.

Kumbe farasi ameshaniwekea ukwato juu ya ncha, na ningejuaje? Huko mbele hakuna kidole! Tarumbeta lilipokatika na mimi puu! Vipeperushi vikatapakaa uwanja mzima, njiwa wakaruka.

Mwenye farasi akabembeleza, akasukuma, akafoka. Farasi kimya, anatafuna zake. Mwishowe jamaa akachomoa kisu cha mfukoni, akakata ncha. Magazeti yakamwagika.

Yule mzee akainama taratibu, akapima kipande kilichobaki kwa kidole gumba.

"Inchi mbili," akasema. "Sasa huna kesi."